Kabla ya kuuliza "ataishi miaka mingapi?" baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, ulizeni tezi ngapi zimepimwa

Habari zenu wanajukwaa,

Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika maabara ya patholojia, mahali ambapo vinyama na viungo vilivyoondolewa kwenye chumba cha upasuaji huletwa vichunguzwe. Swali ambalo ndugu wa wagonjwa huliuliza kuliko mengine yote, iwe kwenye dirisha la majibu au humu jukwaani, ni hili: baba ametolewa uvimbe wa utumbo mpana, je, atapona? Mara nyingi hujibiwa kwa asilimia moja tu, na familia hurudi nyumbani ikiwa imeibeba asilimia hiyo kama hukumu ya mahakama. Nimeanzisha uzi huu ili nieleze asilimia hiyo hutoka wapi. Ninaamini kwamba ubashiri wa mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji hauwezi kuwa mzuri kuliko ripoti ya patholojia iliyouzaa, na kwamba ndugu wana haki ya kufahamu yaliyomo katika ripoti hiyo kabla hawajakubali idadi yoyote ya miaka.

Aliyeweka msingi wa jambo hili ni Cuthbert Dukes, mwanapatholojia wa Hospitali ya St Mark's ya London. Mwaka 1932 alichapisha mgawanyo wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, katika makundi matatu. Kundi A ni saratani ambayo bado imo ndani ya ukuta wa utumbo, kundi B ni ile iliyotoboa ukuta lakini haijafika kwenye tezi za limfu (vinundu vidogo vya kinga ya mwili vilivyomo kwenye mafuta yanayoshikilia utumbo), na kundi C ni ile iliyokwisha kuingia kwenye tezi hizo. Mwaka 1958, yeye na mwenzake Bussey walitoa hesabu ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mitano baada ya upasuaji, vifo vilivyotokana na maradhi mengine vikiwa vimeondolewa: katika kundi A walikuwa hai takriban asilimia 98, kundi B asilimia 78, na kundi C asilimia 32. Mporomoko mkubwa uko kati ya B na C, nao unatokana na jambo moja tu, kwamba seli za saratani zimeonekana ndani ya tezi au hazikuonekana. Hakukuwa na kipimo cha CT wakati huo, lakini kwa kisu, hadubini na daftari la ufuatiliaji lililotunzwa kwa uaminifu Dukes alipata picha ambayo haijapinduliwa hadi leo.

Mfumo unaotumika sasa ni ule wa TNM, uliobuniwa na Mfaransa Pierre Denoix katika miaka ya 1940 na ambao hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Katika ripoti ya utumbo mpana, T hueleza kina: T1 na T2 bado zimo ndani ya ukuta, T3 imevuka misuli ya ukuta na kuingia kwenye mafuta yanayouzunguka, na T4 imetoboa utando wa nje au imeshika kiungo cha jirani. N hueleza tezi: N0 hakuna yenye saratani, N1 ni tezi moja hadi tatu, N2 ni nne au zaidi. M husema kama ugonjwa umefika mbali, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Hatua ya kwanza hadi ya nne, ambazo watu wengi wamezisikia, hutokana na kuziunganisha herufi hizi tatu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 119,363 wa saratani ya utumbo mpana waliosajiliwa kati ya 1991 na 2000, wakitumia toleo la sita la mgawanyo wa TNM. Waliobaki hai baada ya miaka mitano, wakihesabiwa vifo vya saratani hiyo pekee, walikuwa asilimia 93.2 katika hatua ya I, 84.7 katika IIa, 72.2 katika IIb, 83.4 katika IIIa, 64.1 katika IIIb, 44.3 katika IIIc na 8.1 katika hatua ya IV. Someni tena namba ya nne. Wagonjwa wa IIIa, ambao tezi zao zilikuwa na saratani, waliishi kuliko wa IIb, ambao tezi zao ziliandikwa kuwa salama.

Sababu ziko kadhaa na zote zina uzito. Wagonjwa wa IIIa walikuwa na uvimbe ambao haujatoka nje ya ukuta, ilhali wa IIb walikuwa na T4, na T4 ni ugonjwa mkali hata pale ambapo tezi ni safi. Wagonjwa wa hatua ya tatu walipewa tibakemia kwa wingi zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 1990 ilikuwa imethibitishwa kwamba dawa ya fluorourasili, ambayo wakati huo ilitolewa pamoja na levamisoli, inapunguza vifo katika hatua hiyo. Sababu nyingine ni ile tunayokutana nayo kila siku kwenye meza ya maabara: baadhi ya walioandikiwa kwamba tezi zao ni salama walikuwa na tezi zenye saratani ambazo hazikutafutwa vya kutosha.

Naomba nieleze kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa. Kipande cha utumbo kinapofika, hupasuliwa kwa urefu upande usio na uvimbe, huoshwa taratibu, hutandazwa kwenye ubao na kubanwa kwa pini, kisha huzamishwa katika formalini inayofikia takriban mara kumi ya ujazo wake, hadi kikaze na kuwa kigumu kiasi cha kukatika vizuri. Baada ya hapo ndipo mtu hukaa na yale mafuta yanayoshikilia utumbo, akiyakata vipande vyembamba vya milimita chache, akivibonyeza kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Tezi yenye saratani si lazima iwe kubwa, kwani nyingine ni ndogo kama punje ya mtama na hutambulika kwa ugumu wake tu mkononi. Kila inayopatikana huwekwa kwenye kaseti, huzamishwa kwenye nta ya parafini, hukatwa unene wa maikroni chache, hutiwa rangi na kusomwa chini ya hadubini. Hakuna mashine inayowahi kuifanya sehemu ya kutafuta kwa vidole. Ikiwa utumbo umeletwa kwenye chombo kidogo chenye formalini ya kufunika chini tu, mafuta huoza kabla hayajakazwa, na tezi hupotea humo humo.

Kiwango kilichokubalika kimataifa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni kwamba zipimwe tezi zisizopungua 12. Hicho si kiwango cha kupamba karatasi. Uchambuzi wa jaribio kubwa la Marekani lijulikanalo kama INT-0089, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba hata miongoni mwa wagonjwa ambao hawakukutwa na tezi hata moja yenye saratani, wale waliopimwa tezi nyingi waliishi muda mrefu kuliko waliopimwa chache. Kupima tezi hakumtibu mtu. Inaelekea kwamba kundi la waliopimwa chache lilikuwa limechanganyika na watu wa hatua ya tatu wasiojulikana. Nadhani pia kwamba idadi ya tezi ni kipimo cha hospitali nzima, maana daktari wa upasuaji anayeondoa mafuta ya kutosha na maabara inayoyachambua vizuri mara nyingi hukaa chini ya paa moja.

Kuna matokeo mengine ya jambo hili ambayo wasomaji wa takwimu wanapaswa kuyajua. Mwaka 1985 daktari wa Marekani Alvan Feinstein na wenzake, wakichunguza saratani ya mapafu, walionyesha kwamba vipimo vinapokuwa vikali zaidi, wagonjwa waliokuwa wa mwisho katika hatua ya chini huhamishiwa hatua ya juu. Hatua ya chini inabaki na walio imara tu, na hatua ya juu inapokea watu ambao hali yao ni afadhali kuliko waliokuwamo. Asilimia za hatua zote mbili hupanda, ingawa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezewa siku. Kwa hiyo mtu akiwaonyesha kwamba hatua ya pili katika hospitali fulani ya Ulaya ina matokeo mazuri kuliko ya kwetu, kabla ya kulaumu dawa au kisu, ulizeni kwanza wao wamepima tezi ngapi na sisi tumepima ngapi.

Nitaendelea kujibu maswali hapa hapa.

Binti wa Korogwe ameandika:

Shikamoo mkuu, na ahsante kwa uzi huu. Mama yangu alifanyiwa upasuaji upande wa kulia wa utumbo mpana. Ripoti inasema pT3 N0, tezi zilizopatikana ni sita na zote hazina saratani. Tumeambiwa ni hatua ya pili na kwamba hahitaji dawa. Nilikuwa na furaha hadi niliposoma maelezo yako, sasa sijui nifurahi au niogope.

Mwanzisha uzi:

Marahaba, mwanangu. Usiogope, kwa kuwa ripoti ya mama ina habari njema na ina pengo moja ambalo pengine linaweza kuzibwa. T3 bila tezi zenye saratani ni hali nzuri. Pengo ni kwamba tezi sita ni nusu ya kiwango, na miongozo ya matibabu inahesabu upungufu huo kuwa mojawapo ya dalili za hatari katika hatua ya pili, sawa na T4, utumbo uliokuwa umeziba au kutoboka, na seli zilizoonekana ndani ya mishipa.

Jambo la kwanza ni kumwomba daktari wake aulize maabara kama mabaki ya utumbo bado yamo kwenye formalini. Maabara nyingi huyahifadhi kwa wiki kadhaa baada ya ripoti kutoka, na ndani ya muda huo mtu anaweza kurudi kwenye mafuta na kutafuta upya. Hii si lawama kwa yeyote, ni ombi la kawaida la kitabibu, na wakati mwingine zinapatikana tezi nyingine kadhaa. Wakati mwingine hazipatikani, kwa sababu wazee na watu wengine kwa maumbile yao wana tezi chache zinazoonekana.

Jambo la pili ni kipimo cha protini nne ziitwazo MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, ambacho hufanywa juu ya kipande kile kile kilichomo kwenye nta, na nta huhifadhiwa kwa miaka. Takriban asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana zimepoteza mojawapo ya protini hizi za kurekebisha jeni, na hutokea zaidi upande wa kulia, alikokuwa nao mama. Katika hatua ya pili, mgonjwa wa aina hiyo ana uwezekano mdogo wa ugonjwa kurudi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba fluorourasili peke yake haimwongezei kitu. Kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kumwepusha na dawa isiyo na faida. Kinaweza pia kufichua ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, na hapo wewe na ndugu zako mtahitaji kupimwa mapema. Gharama yake si ndogo na si kila hospitali inayo, lakini kwa mgonjwa kama mama ndicho kipimo ambacho ningekitafuta kabla ya vingine.

Jambo la tatu ni kiwango cha CEA, protini ambayo saratani nyingi za utumbo huitoa, kwenye damu kabla ya upasuaji, kama kilichukuliwa. Kikiwa juu ya nanogramu 5 kwa mililita, ni ishara ya kumfuatilia kwa karibu zaidi. Zingatia tu kwamba wavutaji sigara huwa na kiwango cha juu hata bila saratani.

Msomi wa Takwimu ameandika:

Mkuu, hoja zako nimezielewa, ila naona tatizo jingine. Hizi asilimia za miaka mitano ni za Marekani na Uingereza. Kwa nini tusitumie hesabu za hospitali zetu wenyewe?

Mwanzisha uzi:

Tunapaswa kuzitumia, na palipo na sajili nzuri zitumike. Lakini ugumu ulipo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Njia inayotumika kuchora mstari wa uhai ni ile ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa aliyepotea kwenye ufuatiliaji hatupwi: anahesabiwa hadi siku aliyoonekana mara ya mwisho. Sharti lake ni kwamba waliopotea wawe na hatima sawa na waliobaki. Sasa fikiria mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akarudi kijijini, akazidiwa, akafariki na kuzikwa huko bila hospitali kupata habari. Kwenye daftari anaonekana kama mtu aliyeacha kuhudhuria kliniki. Wakiwa wengi wa namna hiyo, mstari wetu utapanda juu kuliko ukweli, na tutawaambia wagonjwa wapya habari njema isiyo na msingi. Simu moja kwa ndugu kila baada ya miezi kadhaa, ikiandikwa kwenye sajili, ina thamani kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Kuna pia vifo vya mwanzoni. Utafiti wa kimataifa wa GlobalSurg uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu wagonjwa 15,958 wa saratani ya matiti, utumbo mpana na puru, na tumbo katika hospitali 428 za nchi 82, ulionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha chini vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji wa utumbo vilikuwa vingi zaidi, na tofauti kubwa ilikuwa kwa waliopata tatizo kubwa baada ya upasuaji: kwingine waliokolewa, kwetu walifariki. Mgonjwa akifariki kwa mshono uliovuja wiki ya pili, TNM haihusiki, kinachohusika ni kama kulikuwa na muuguzi wa kuona homa mapema, damu ya kuongezwa na kitanda cha wagonjwa mahututi. Kwa hiyo ubashiri hapa kwetu una sehemu mbili, kwanza kuvuka salama upasuaji wenyewe, pili ugonjwa kurudi au kutorudi, na namba za Marekani zinagusa ile ya pili tu.

Mwalimu Mstaafu ameandika:

Ndugu mwandishi, mimi ndiye mgonjwa. Nilikuwa hatua ya IIIb na nimemaliza mwaka wa tatu tangu upasuaji, vipimo vyote ni vizuri. Nimekuwa nikiishi na ile asilimia 64. Je, bado ndiyo yangu?

Mwanzisha uzi:

Mwalimu, pole kwa yote uliyopitia, na nafurahi kwamba umeandika. Hapana, asilimia hiyo si yako tena. Ilihesabiwa tangu siku ugonjwa ulipogunduliwa, na ndani yake wamo wote ambao ugonjwa uliwarudia mwaka wa kwanza na wa pili. Wewe hukuwa miongoni mwao. Uchambuzi uliounganisha majaribio 18 yenye wagonjwa zaidi ya 20,000, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya marudio yote hutokea ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Umevuka kipindi kizito. Ubashiri wako unapaswa kuhesabiwa upya kuanzia leo, na utakuwa wa juu kuliko ule wa mwanzo. Mwulize daktari wako swali hilo kwa namna hii: kati ya watu wa hatua yangu waliofika mwaka wa tatu bila ugonjwa, wangapi hufika wa tano?

Isitoshe, namba zile ni za wagonjwa wa miaka ya 1990. Dawa ya oksaliplatini iliongezwa kwenye matibabu ya hatua ya tatu baada ya jaribio la MOSAIC la mwaka 2004, na tangu hapo matokeo yamekuwa mazuri zaidi.

Uliloachiwa wewe mwenyewe si dogo pia. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio liitwalo CHALLENGE, lililofanywa hasa Kanada na Australia kwa wagonjwa 889 waliokuwa wamemaliza upasuaji na tibakemia. Waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, ambayo kwa wengi yalikuwa kutembea kwa mwendo wa haraka, walikuwa asilimia 80.3 bila ugonjwa baada ya miaka mitano, na waliopewa kijitabu cha ushauri tu walikuwa asilimia 73.9. Tofauti hiyo inakaribia ile inayoletwa na baadhi ya dawa. Wao waliyaanza mazoezi miezi michache baada ya tibakemia, lakini sioni sababu ya wewe kusubiri, ikiwa daktari wako hana pingamizi.

Kijana wa Tehama ameandika:

Mkuu, nimeona kuna vikokotoo vya mtandaoni, unaingiza T, N, umri na CEA, kinakupa asilimia. Na sasa kuna akili mnemba inayosoma picha za slaidi. Je, haya hayajamaliza tatizo?

Mwanzisha uzi:

Ni zana za maana na sizidharau. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Oslo lilichapisha mfumo unaosoma slaidi za kawaida zilizotiwa rangi na kuwagawa wagonjwa katika makundi ya ubashiri mzuri na mbaya, na ulifanya vizuri. Australia nako, jaribio la DYNAMIC la mwaka 2022 lilitumia chembe za jeni za saratani zinazoelea kwenye damu baada ya upasuaji kuamua nani apewe dawa katika hatua ya pili: waliopewa walikuwa asilimia 15, dhidi ya 28 katika kundi lililofuata utaratibu wa kawaida, na waliokuwa bila marudio baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 93.5 dhidi ya 92.4. Yaani karibu nusu ya wale ambao wangepewa dawa kwa utaratibu wa kawaida waliepushwa na dripu bila hasara. Hilo ni jambo kubwa sana.

Kila chombo cha kubashiri kiulizwe maswali mawili. Kwanza, je, kinaweza kumtofautisha atakayerudiwa na ugonjwa na asiyerudiwa? Pili, kikisema asilimia 80 kwa watu mia moja wa hapa kwetu, je, kweli themanini wanaishi? Kikokotoo kilichotengenezwa New York kinaweza kujibu la kwanza vizuri hapa na kushindwa la pili kabisa, kwa sababu wagonjwa wetu hufika wamechelewa, na si wote wanaomaliza dawa. Tena kikokotoo kizuri kitakuomba idadi ya tezi zilizopimwa. Ukiingiza sita, kitakupa jibu la mtu aliyepimwa sita.

Wanaotaka kunitumia ripoti zao niwasaidie kuzisoma, tafadhali futeni kwanza jina, namba ya faili na jina la hospitali, mkiacha sehemu ya T, N, idadi ya tezi, hali ya kingo za mkato na maelezo ya mishipa. Majibu yangu yasichukuliwe badala ya daktari anayemwona mgonjwa kwa macho yake.